Karatasi za Karanga

Marehemu baba alikuwa karani wa shamba moja la mkonge katika tambarare ya Mazinde, chini ya milima ya Usambara. Shamba lenyewe silitaji jina, kwani limepita mikononi mwa wengi. Alipostaafu mwaka 1984 alirudi nyumbani na sanduku la bati ambalo ofisi ilitaka kulichoma moto. Ndani yake mlikuwa na daftari za posho za manamba, pamoja na hati za bima: bima ya moto ya nyumba ya korona, bima ya malori, na nyingine nene, ya mwaka 1959, iliyotolewa na kampuni ya Uingereza. Hii ya mwisho ilihusu madhara ambayo shamba lingeweza kuwasababishia watu wengine.

Baba aliipenda kwa uzuri wa karatasi yake. Mama naye aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa akiuza karanga Mombo, mabasi yanaposimama, na ukurasa baada ya ukurasa hati ile ikaondoka na abiria.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama kichekesho. Siku hizi sicheki sana, kwa kuwa nimekuja kusoma kwamba Marekani kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta karatasi za namna ile ile, na hulipwa vizuri.

Mambo yalianza mwaka 1978 huko Love Canal, jimbo la New York, ilipobainika kuwa nyumba na shule vilijengwa juu ya taka za sumu zilizofukiwa na kiwanda. Desemba 1980 ikapitishwa sheria inayojulikana kwa jina la Superfund. Sheria hiyo iliwabana waliochafua ardhi na hata wenye ardhi ya sasa, ijapokuwa uchafuzi ulitendeka zamani na haukuwa kosa wakati ule. Fikiria, msomaji, mwenye duka dogo la dobi ambaye dawa zake za kusafishia nguo zilivuja chini ya sakafu tangu miaka ya 1950. Gharama ya kuisafisha ardhi ile yaweza kupita thamani ya kiwanja chenyewe. Fedha atazitoa wapi?

Mawakili wakazisoma upya hati za zamani. Wakaona kwamba nyingi zililipa kwa kufuata wakati madhara yalipotokea, wala si wakati madai yalipoletwa. Hati ya mwaka 1962, hata ikiwa imelala darini miaka 30, bado ilimfunga aliyeitoa kwa madhara ya mwaka ule. Makampuni yaliligundua tundu hilo yakaliziba. Mwaka 1973 yaliweka sharti kwamba uchafuzi usilipiwe ila uwe wa ghafula na wa bahati mbaya, na kuanzia mwaka 1986 uchafuzi ukaondolewa karibu kabisa katika bima za kawaida. Hivyo karatasi kuukuu ikawa na thamani kuliko mpya. Ikiwa hati imepotea, hutafutwa stakabadhi, daftari la hesabu, au barua ya wakala.

Nisiwasifu kupita kiasi. Utafiti wa taasisi ya RAND wa mwaka 1992 ulionyesha kuwa katika fedha zilizotolewa na makampuni ya bima kwa ajili ya Superfund, asilimia 88 ziliishia kwenye kesi na gharama za mabishano. Udongo ulipata makombo.

Je, kwetu? Mwaka 1967 ulikata njia mahali pawili. Baada ya Azimio la Arusha la Februari, biashara ya bima ilikabidhiwa Shirika la Bima la Taifa, lililoundwa mwaka 1963, nalo likawa peke yake hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango. Oktoba mwaka ule ule serikali ikachukua mashamba mengi ya mkonge, mengine yote, mengine kwa sehemu. Basi katika mashamba hayo mwenye bima na mtoa bima wakawa watoto wa baba mmoja, na sijapata kusikia ndugu hao wakidaiana kwa ajili ya udongo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yasema mchafuzi alipe. Ni sawa, ila mchafuzi mwenyewe alikwisha vunjwa, akaundwa upya, akauzwa.

Wala si jambo la kufikirika tu. Korogwe ya Zamani, mwendo mfupi wa gari kutoka Mazinde, palikuwa na ghala la dawa kuukuu za wadudu. Dawa ziliondolewa, lakini wataalamu waliopima udongo miaka mingi baadaye, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, walikuta masalia ya DDT na jamaa zake yangalipo. Vikuge, mkoa wa Pwani, ni hivyo hivyo.

Shamba letu pia lilikuwa na ghala la dawa ya fukusi wa mkonge. Mama alitukataza kufungia mbuzi nyuma yake, bila kueleza sababu. Mwaka juzi mjukuu wa mjomba wangu alipata kiwanja pale pale.

“Shikamoo, babu. Nataka kuchimba kisima.”

“Marahaba. Hapo usichimbe.”

Nikamweleza. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza nani atapasafisha, nami nikakosa la kumwambia. Kisima amekichimba ng'ambo ya barabara, upande wa mlimani, na maji huyabeba kwa ndoo.

Usiku ule nililifungua sanduku la baba. Hati haimo, hilo nalijua. Lakini katikati ya daftari moja nilikuta stakabadhi ya ada ya bima, ina jina la kampuni, namba ya hati na tarehe. Mama hakuiona; isitoshe ni ndogo, haitoshi karanga. Nimeitia kwenye mfuko wa nailoni, na kijana nimemwonyesha ilipo.