Mwaka Ambao Tabia Ilipewa Namba

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ulipotoka Marekani mwaka 1974, kila mhusika alikuwa na upande wake: Sheria, Vurugu au katikati. Waandishi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walichota wazo hilo katika riwaya za Poul Anderson na Michael Moorcock. Kufikia 1978 wema na uovu vilikuwa vimeongezwa, na pande zikawa tisa. Mchezaji aliandika upande wake kwenye karatasi ya mhusika kabla hajatenda lolote. Kasoro ilikuwa hapo: muuaji aliyejiandikia "mwema" alibaki mwema hadi mchezeshaji, yaani anayeongoza mchezo, ambishie.

Mwaka 1985 michezo miwili ilishika njia nyingine.

Wa kwanza ni Pendragon, wa Greg Stafford, mwasisi wa kampuni ya Chaosium, unaohusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Humo tabia zimepangwa katika jozi 13: huruma na ukatili, ukarimu na uchoyo, ujasiri na woga, na kadhalika. Jumla ya kila jozi ni 20, hivyo huruma ikipanda, ukatili hushuka. Tuseme shujaa ana huruma 16, na adui amempigia magoti akiomba asiuawe. Mchezaji anataka kumkata kichwa. Mchezeshaji anaweza kumtaka arushe kwanza dadu lenye pande 20; likionyesha 16 au pungufu, upanga unarudi alani, apende asipende. Tendo zito huwekewa alama, na majira ya baridi ya mchezoni yakifika dadu hurushwa tena kuona kama namba itapanda. Wengine huona dadu linampora mchezaji uhuru wake, lakini hivyo hasa ndivyo mazoea yanavyomtawala mtu. Tena mchezo huo hauna kipimo kimoja kwa wote: Mkristo husifiwa kwa unyenyekevu, mpagani kwa majivuno.

Wa pili, Ultima IV wa Richard Garriott, ulikuwa wa kompyuta. Hauna adui mkuu wa kuangamizwa. Kazi ni kukamilisha fadhila nane, zikiwemo uaminifu, huruma na unyenyekevu. Muuza dawa za uganga ni kipofu, na mteja humlipa kiasi anachotaja mwenyewe. Ukimpunja, hakuna anayekukemea. Kompyuta hupunguza alama zako kimyakimya, na unaweza kuja kubaini baadaye sana, ukiulizia hali yako kwa mwonaji aliye katika kasri la mfalme.

Baada ya miaka 25, mchezo wa kompyuta wa Fallout: New Vegas wa 2010 uliupeleka mzani kwa majirani. Mchezo ulibakiza alama za jumla za wema na ubaya, ila zenye uzito zaidi ni sifa za mchezaji katika miji na makundi kadhaa. Sifa njema na sifa mbaya huhesabiwa mbalimbali, na moja haifuti nyingine: aliyewaokoa watu wa mji kisha akawaibia hubaki na hesabu zote mbili.