AI Haijamaliza Fundi wa Meno. Ni Mwanafunzi Wake

Nikiwa kidato cha tatu niliuma jiwe kwenye githeri ya shule, gego langu la chini likapasuka. Mamangu akachanga pesa miezi mitatu ndio niwekewe taji, ile kofia ya kauri inayofunika jino lote. Daktari akajaza trei kitu kama uji mzito wa waridi, akanisukumia mdomoni, akasema nipumue kwa pua. Manze, nusura nitapike. Uji ukiganda unabaki na chapa ya meno, chapa inamwagiwa plasta, plasta inaenda kwa fundi. Baada ya wiki mbili taji likarudi, na halikutoshea. Nikifunga mdomo, lilikuwa linagonga jino la juu kabla ya mengine yote. Tukarudia uji.

Kwa hivyo nikipata video ya daktari akipitisha kamera ndogo mdomoni mwa mtu, halafu jino linajichora lenyewe kwa skrini, lazima nisimame nitazame. Lakini kuna msee huwa hakosi hapo chini: "AI imemaliza kazi ya fundi wa meno." Hapo ndipo mimi nakataa. Hii hadithi ni ndefu kuliko video, na fundi yuko ndani yake mwanzo hadi mwisho.

Tuanzie 1907. Mmarekani William Taggart aliwaonyesha madaktari wenzake namna ya kutengeneza kiziba jino cha dhahabu: chonga umbo kwa nta, lifunike kwa plasta, yeyusha nta itoke, kisha mwaga dhahabu palipokuwa na nta. Mbinu yenyewe haikuwa mpya. Mafundi wa shaba wa Ife na Benin, huko Nigeria ya leo, waliitumia karne nyingi kabla yake. Shida yake mdomoni ni kwamba kila hatua ina kosa lake dogo. Uji hunywea, plasta hutanuka, nta hujikunja joto likibadilika. Jumlisha makosa hayo yote, ndio unapata gego langu la kidato cha tatu.

Mwaka 1973, huko Lyon, Ufaransa, kijana anaitwa François Duret aliandika tasnifu yake ya udaktari wa meno na wazo moja la ajabu: tuchukue chapa ya jino kwa mwanga, tuachane na uji. Fikiria ni 1973. Hakuna kompyuta ya mezani nyumbani kwa mtu. Wazo lilikuwa limetangulia mashine yake. Ilipofika 1985, kwenye kongamano la madaktari wa meno Ufaransa, Duret alimtengenezea mkewe taji mbele ya watu, chini ya saa moja.

Mwaka huohuo, Uswisi, kulikuwa na mwingine mwenye shida tofauti. Werner Mörmann wa Chuo Kikuu cha Zurich alitaka kuziba magego kwa kitu chenye rangi ya jino. Dawa nyeupe za wakati huo zilikuwa zinasinyaa zikikauka, zinaacha upenyo ambapo jino linaanza kuoza tena. Akawaza: si tukate kipande cha kauri kinachoingia shimoni sawasawa, siku hiyohiyo, mgonjwa akiwa bado kwa kiti? Akamtafuta mhandisi wa umeme, Marco Brandestini, wakaunda kamera ya mdomoni na kimashine cha kukata kauri. Septemba 1985 mgonjwa wa kwanza akawekewa. Mashine ikaitwa CEREC.

Lakini usidhani ilikuwa uchawi. Jino hung'aa na kupitisha mwanga, kwa hivyo ilibidi lipuliziwe unga mweupe kwanza ndio kamera ilione. Daktari mwenyewe ndiye aliyechora mipaka kwa skrini. Na ile sehemu ya juu ya jino, yenye vilima na mabonde ya kutafunia, mashine ilikuwa haiwezi. Daktari aliichonga kwa mkono baada ya kubandika. Mashine ya 1985 ilijua shimo liko wapi, haikujua mtu anatafuna vipi.

Sweden nako, mapema miaka ya 1980, Matts Andersson alikuwa anapambana na bei ya dhahabu iliyopanda na watu waliodhurika na nikeli. Akageukia titani, chuma kigumu kuyeyusha na kumwaga, akaichonga kwa mashine. Baadaye mfumo wake ukawa hivi: maabara inaskani, data inatumwa kiwanda kimoja, jino linarudi tayari. Jino likawa faili.

Basi ikabaki shida ya umbo. Jino la mtu likiwa limevunjika kabisa, kompyuta itajuaje lilifananaje? Mwaka 2005 Albert Mehl na Volker Blanz walichapisha jibu: skani magego mazima ya watu wengi, tafuta hesabu ya jinsi yanavyofanana na kutofautiana, kisha ikisie kile kilichopotea. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha Berkeley, California, na maabara ya Glidewell wakaleta akili unde yenyewe. Programu moja inachora taji, nyingine inalikagua, zinashindana hadi mchoro unakubalika.

Na programu hiyo ilijifunza kwa nani? Kwa mataji yaliyobuniwa na mafundi. Kila kilima inachochora kimeanzia kwa jicho la mtu aliyekaa kwa benchi miaka mingi, na jina lake halionekani popote kwa skrini. Mwanafunzi hawezi kujisifu amemmaliza mwalimu huku bado anatumia daftari lake.

Mimi kinachoniwasha zaidi ni hiki: daftari hilo lina midomo ya nani? Kuna watu wa Nakuru wenye meno ya kahawia kwa sababu ya floraidi kwenye maji ya visima. Pwani mwanya ni urembo, watu wameusifu tangu zamani. Kwa Waluo, kuna wazee waliong'olewa meno sita ya chini wakiwa vijana, kama desturi. Mashine iliyofundishwa kwamba mdomo wa kawaida hauna mwanya itauziba bila kuuliza, na itadhani imekusaidia. Haina ubaya moyoni. Inarudisha tu kile ilicholishwa.

Kwa hivyo kama unataka kusomea ufundi wa meno na mjomba anakwambia hiyo kazi imekufa, mwambie pole. Jifunze skana, jifunze programu, lakini jifunze jino kwanza, ili mashine ikikosea wewe ndiye wa kujua.

Mwaka jana taji langu la zamani lilitoka. Safari hii hakukuwa na uji, kamera tu, dakika chache. Jino likachorwa nikiliona, likakatwa, likaingia. Kisha daktari akatoa kikaratasi cha bluu, akaniwekea kati ya meno. "Uma." Nikauma. Alama moja ya bluu ikabaki juu ya taji, mahali lilipozidi. Akainama, akalisugua kidogo kwa mkono, akaniambia niume tena.