Ifahamu Wizara ya Fedha: hela ya Lushoto inapitia wapi?

Mkulima wa kabichi wa Lukozi, wilayani Lushoto, akipakia mzigo kwenda Dar es Salaam, anayekutana naye njiani ni mkusanya ushuru wa halmashauri. Wizara ya Fedha iko mbali, Dodoma. Lakini kiwango cha ushuru hakiamuliwi pale kwenye kizuizi. Katika bajeti ya 2017/18, Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alipeleka bungeni pendekezo la kushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Mzigo usiozidi tani moja, unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine, ukafutiwa ushuru. Mwenye viroba vichache alipata nafuu hapo.

Hiyo ni kazi mojawapo ya wizara: kupendekeza kodi. Kupendekeza tu, kwa sababu Ibara ya 138 ya Katiba hairuhusu kodi ya aina yoyote bila sheria. Kukusanya ni kazi ya TRA, iliyoanza mwaka 1996 na iko chini ya wizara hiyo.

Zikishakusanywa, fedha zinaingia Mfuko Mkuu wa Hazina. Mwenye funguo, tuseme hivyo, ni Katibu Mkuu wa wizara, ambaye ndiye Mlipaji Mkuu wa Serikali. Anasaidiwa na watu kama Kamishna wa Bajeti na Mhasibu Mkuu wa Serikali. Waziri ndiye tunayemuona kwenye TV na mkoba wake mwezi Juni, ila malipo ya kila siku yako kwa hawa.

Kwenye vitabu vya bajeti kila taasisi ina namba yake, inaitwa fungu. Fungu 50 ni wizara yenyewe, Fungu 22 ni deni la taifa. Mkoa wa Tanga ni Fungu 86, na humo ndimo zilimo Halmashauri za Lushoto na Bumbuli, ambazo zote ziko wilaya moja. Unataka kujua kama zahanati ya kata yako imetengewa hela? Anzia hapo.

Sasa wengi wanachanganya kutengewa na kupewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini hela haishuki kwa mkupuo. Hazina inatoa kadiri makusanyo yanavyoingia, na deni na mishahara haviwezi kusubiri. Ndiyo maana jengo linaweza kuishia kwenye lenta huku kitabuni lina hela kamili. "Fedha haijashuka" ni jibu ambalo mara nyingine ni kweli, na mara nyingine fedha ilishashuka zamani. Swali zuri ni: imepokelewa kiasi gani, tarehe ngapi? Muulize diwani, au uliza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi.

Kuna mambo wizara inalaumiwa bure. Halmashauri zinasimamiwa na TAMISEMI. Ukaguzi ni wa CAG, anayetambuliwa na Ibara ya 143 ya Katiba. Hata mipango ya taifa ilihamishiwa Ofisi ya Rais mwaka 2023, ndiyo maana jina "Fedha na Mipango" limekatwa likabaki Fedha.

Kuhusu muda: Bunge la bajeti linaanza Aprili, lakini maombi ya kijiji yanatakiwa yawe yameshapita kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani na mkoa kabla ya hapo. Ombi la daraja la Mlalo au darasa la Soni likipelekwa Juni, wakati hotuba inasomwa, linasubiri bajeti ya mwaka unaofuata.