Magonjwa ya Kurithi ya Ukuaji wa Mifupa kwa Watoto

Displasia za mifupa ni magonjwa ya jeni yanayovuruga ukuaji wa mifupa na gegedu. Orodha ya kimataifa ya mwaka 2023 ilitaja magonjwa 771 ya mifupa yenye asili ya jeni. Mengi daktari hustaafu bila kuyaona.

Linalojulikana zaidi ni akondroplasia, inayompata takriban mtoto 1 kati ya 25,000. Kiwiliwili hukaribia urefu wa kawaida, lakini mapaja na sehemu za juu za mikono hubaki fupi, paji la uso hujitokeza, na mtoto hupata shida kujigusa utosini. Akili haiguswi. Chanzo ni badiliko katika jeni ya FGFR3, lililobainishwa mwaka 1994. Jeni hiyo ni breki ya gegedu za ncha za mifupa, na hapa breki imekwama. Watoto wapatao 8 kati ya 10 huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko ni jipya, na karibu kila mara limetokea kwenye mbegu ya baba, hasa mwenye umri mkubwa. Ajabu ni kwamba anayelaumiwa nyumbani huwa mama.

Katika osteojenesisi imperfekta, ugonjwa mwingine wa kundi hili, mifupa huvunjika kwa kishindo kidogo, na weupe wa macho huweza kuwa na rangi ya samawati. Wazazi hushukiwa bure kuwa wanampiga mtoto.

Lakini si kila tatizo la mifupa ni la kurithi. Huko Chome, kijiji cha Upare Kusini wilayani Same, chini ya kilele cha Shengena, mtoto akiwa na matege, kurithi si jambo la kwanza kufikiriwa. Mara nyingi kinachokosekana ni vitamini D au kalsiamu. Kaskazini mwa Tanzania kuna pia chanzo kingine, floridi: baadhi ya maji ya Arusha na Kilimanjaro yanayo nyingi, magadi ya kupikia huiongeza, na kituo cha Ngurdoto kimeshughulikia kuichuja kwa mkaa wa mifupa. Lakini matege ya kurithi ya upungufu wa fosfeti hayaponi kwa jua wala vitamini D ya kawaida, hivyo eksirei ya goti na kipimo cha damu ni lazima. Hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971.

Tangu 2021 vosoritaidi, sindano ya kila siku, imeidhinishwa Ulaya na Marekani kuongeza kimo katika akondroplasia. Kwa mtoto mchanga, hata hivyo, kimo kinaweza kusubiri: tundu la chini ya fuvu likiwa jembamba hubana uti wa mgongo, na anayesita kupumua usingizini apelekwe hospitali bila kuchelewa.