Pete ya Chuma na Kontena la Makinikia

Tarehe 18 Desemba 1935, mjini Roma, Malkia Elena wa Italia alivua pete yake ya ndoa akaitoa kwa taifa. Wanawake wengi wakafuata mfano wake, wakarudi nyumbani na pete za chuma vidoleni. Italia ilikuwa imewekewa vikwazo kwa kuivamia Uhabeshi, na kiongozi wake wa kifashisti, Mussolini, alihitaji dhahabu.

Zaidi ya miaka 80 baadaye, dhahabu ikawa kipimo cha uzalendo hapa kwetu Tanzania. Machi 2017 Rais Magufuli alizuia makinikia (mchanga wenye madini) ya migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi kwenda nje. Makontena 277 yakakwama bandarini Dar es Salaam. Julai, kampuni ya Acacia, mmiliki wa migodi hiyo, ikadaiwa dola bilioni 190. Tukaambiwa tuko kwenye vita ya kiuchumi dhidi ya mabeberu. Kwa mfugaji wa Shinyanga beberu ni mbuzi dume, humtambua kwa harufu kabla hajamwona. Mwaka ule kila mwenye swali alianza kunukia hivyo.

Wapo wanaouita utawala ule ufashisti. Sikubaliani nao. Mussolini aliivua dhahabu vidoleni mwa raia wake akaue Wahabeshi. Magufuli aliidai kwa kampuni. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo walifutiwa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, kisha Geita ikafunguliwa soko la dhahabu. Mchimbaji wa duara, aliyezoea kupangiwa bei na mlanguzi gizani, akapata mahali pa kusimama mbele ya mzani na kusoma gramu zake mwenyewe. Hilo si dogo. Wala hatukuwa na wanamgambo wa mashati meusi, wala nadharia ya ubora wa damu.

Lakini tofauti nyingine hainifariji. Mussolini alivifuta vyama vya upinzani mwaka 1926. Hapa vilibaki na usajili, bendera na ofisi, ila mikutano yao ya hadhara ilizuiwa kuanzia 2016 hadi Januari 2023. Ubabe wa leo hauhitaji kuvunja nyumba. Unachukua ufunguo tu. Na hesabu je? Zile bilioni 190 ziliishia kwenye makubaliano ya dola milioni 300 na hisa asilimia 16 za Twiga, kampuni ya ubia ya migodi hiyo. Afadhali kuliko tulichokuwa nacho, ila aliyeuliza zilizobaki ziko wapi alionekana msaliti, wakati Kahama watu walikuwa wameshapoteza kazi Bulyanhulu.

Juni 1924 mbunge Giacomo Matteotti, aliyeupinga uchaguzi wa mafashisti bungeni, alitekwa akauawa. Januari iliyofuata Mussolini alisimama bungeni akasema dhamana ya yote yaliyotokea ni yake, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Tarehe 7 Septemba 2017 mbunge Tundu Lissu alipigwa risasi mchana, nyumbani kwake Dodoma, akanusurika. Alikuwa ameikosoa serikali katika sakata la makinikia, akaitwa kibaraka wa mabeberu. Ni yeye huyo, akiwa mwanasheria kijana, aliyewatetea wachimbaji wadogo walioondolewa Bulyanhulu mwaka 1996 kuipisha kampuni ya kigeni. Kwa risasi zile hakuna aliyejitokeza kusema dhamana ni yake, na hakuna aliyefikishwa mahakamani.