Kulikiza na Kulisha: Maneno Mawili katika Historia ya Chakula cha Kwanza cha Mtoto

Kamusi za Kiswahili huliweka neno kulikiza kwa maana mbili. Ya kwanza ni kumwachisha mtoto ziwa. Ya pili ni kumpa mtu ruhusa ya kuacha kazi kwa muda, na kutoka kwa hiyo ya pili tumepata likizo, neno ambalo kila mwalimu na kila karani alijua vema. Asiyezoea mambo ya lugha huenda akacheka kuona mtoto mchanga na karani wamewekwa chini ya kitomeo kimoja. Lakini maana hizo mbili asili yake ni moja: aliyefungwa na jambo amefunguliwa, naye ajiendee zake.

Jambo ninalotaka kulionyesha katika makala haya ni kwamba neno hilo lataja mwisho wa kunyonya tu, wala halitaji mwanzo wa kula. Kati ya mwanzo huo na mwisho huo kuna mwaka mzima na zaidi, nao ndio wakati ambao watoto wengi wa Afrika walidhoofika na kufa. Walioandika mafunzo ya lishe kwa Kiswahili walilichukua neno la mwisho wakalitia mahali pa mwanzo. Kosa hilo la tafsiri, kwa maoni yangu, halikuwa dogo.

Yafaa kwanza tutazame lugha nyingine zilivyolitaja tendo hili, kwa kuwa kila moja imelishika upande wake. Waarabu husema fitamu, kutoka katika mzizi wenye maana ya kukata. Na jina la Fatuma, lililojaa katika nyumba za pwani yetu, latokana na mzizi huo huo. Kurani yenyewe hutumia neno jingine, fisali, ambalo maana yake ni kutenga. Wafaransa nao wanalo neno ambalo asili yake katika Kilatini ni kutenga. Wajerumani husema kumwondolea mtoto mazoea. Waingereza pekee wamekwenda njia nyingine: neno lao weaning latoka katika Kiingereza cha kale, nalo maana yake ilikuwa kuzoeza. Basi Mwingereza alipotamka neno hilo, ndani yake mlikuwa na fununu ya mtoto anayezoezwa chakula polepole, ingawa kwa matumizi ya kila siku lilikuja kuwa na maana ya kuachisha pia. Mswahili alipolitafsiri kwa kulikiza, fununu ile ilipotea, ukabaki mlango uliofungwa.

Je, Kiswahili kilikosa maneno ya mwanzo? Hakikukosa. Mtoto huonjeshwa, hulambishwa, hunyweshwa uji, hupondewa ndizi, hutafuniwa. Msomaji aangalie vitenzi hivi: karibu vyote vimenyambuliwa, ama kwa kutendesha ama kwa kutendea, na kila kimoja chamhitaji mtu mzima aliyekaa karibu na mtoto, kijiko au kidole mkononi. Lakini hakuna kitenzi kimoja kinachovikusanya vyote, na jambo lisilo na jina moja ni taabu kulifundisha.

Mwisho, kinyume chake, ulikuwa na jina na kanuni na dawa. Dawa ilikuwa shubiri, au pilipili, iliyopakwa katika chuchu ili mtoto aone uchungu akimbie. Kanuni ilikuwa miaka miwili, na katika nyumba za Waislamu ilikuwa na nguvu ya Kitabu. Maana sura ya pili ya Kurani yataja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha, ikawaruhusu wazazi kuachisha kabla ya hapo wakiridhiana na kushauriana. Miaka hiyo ilihesabiwa kwa uangalifu. Nani katika nyumba aliyehesabu mwezi wa kijiko cha kwanza cha uji?

Hapo ndipo linapoingia neno kubemenda, ambalo wazee wa pwani na wa mrima walilitamka kwa sauti ya chini. Kumbemenda mtoto ni kumdhuru anyonyaye kwa kuvunja mwiko: wazazi kukutana kabla ya wakati, au mama kushika mimba mtoto akiwa bado kifuani. Mtoto aliyekonda, aliyevimba miguu, asiyetembea, alisemekana amebemendwa. Wako waliodhani mwiko huu umetoka Uarabuni. Sikubaliani nao. Neno lenyewe halina sura ya Kiarabu. Tena katika Hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Judama binti Wahb twasoma kwamba Mtume alikusudia kukataza jambo hilo, kisha akaacha alipokumbuka kwamba Warumi na Waajemi hulifanya na watoto wao hawadhuriki. Sheria, basi, ilifungua; mila ya hapa ndiyo iliyofunga. Na mila ilifunga kwa sababu ilikuwa imeona kitu.

Kitu hicho kiliandikwa na daktari kwa mara ya kwanza kwa ufasaha mbali na pwani yetu, katika Gold Coast, ambayo ni Ghana ya leo. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alifika huko mwaka 1929. Mwaka 1933 alieleza habari za watoto waliovimba mikono na miguu, ngozi ikabambuka, nywele zikapauka, nao walikuwa wakilishwa zaidi uji wa mahindi. Mwaka 1935 aliandika tena, na safari hii alitumia jina aliloambiwa na wenyeji wa Accra katika lugha ya Kiga: kwashiorkor. Alilieleza kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Mtaalamu wa London, H. S. Stannus, alishikilia kwamba ugonjwa huo ni pelagra tu, ugonjwa uliokwisha kujulikana. Bibi Williams hakukubali, na baadaye ilidhihirika kwamba haki ilikuwa upande wake.

Wataalamu wa lugha wangepaswa kulitazama jina hilo kuliko walivyofanya. Halitaji mahindi, wala uvimbe, wala ngozi. Lataja mahali pa mtoto katika mfuatano wa ndugu. Kubemenda nako, kwa njia ya aibu na lawama, kwataja jambo lilo hilo: mimba inayofuata. Na Baganda walikuwa na neno obwosi kwa ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake ameshika mimba nyingine. Lugha tatu, zilizo mbalimbali kwa mahali, zilielekeza kidole pamoja.

Huko Uganda ndiko uchunguzi ulikoendelea. Hugh Trowell alifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, na kitabu alichokiandika pamoja na Davies na Dean kilitoka mwaka 1954. Mwaka uliofuata Hebe Welbourn aliandika juu ya muda wa hatari katika kuachishwa ziwa miongoni mwa watoto wa Kiganda. Na katika miaka hiyo hiyo Marcelle Geber na Dean waliuangalia moyo wa mtoto, si tumbo lake tu. Waliona kwamba mtoto aliyeachishwa ghafula, pengine akapelekwa kukaa kwa bibi yake, alipoteza mama na ziwa siku moja, akakataa hata chakula kilichowekwa mbele yake. Nasi twajua kwamba kumpeleka mtoto kwa bibi ili asahau ziwa si desturi ya Buganda peke yake.

Lakini katika miaka ya 1950 na 1960 macho ya wakubwa wa dunia yalielekea kwingine. Ilisemwa kwamba kilichokosekana ni protini, na mwaka 1955 ikaundwa kamati ya kimataifa ya kushauri juu ya protini hiyo. Unga wa samaki na maziwa ya unga vikasifiwa. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba shughuli hiyo yote ilikuwa mkasa wa makosa. Watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa jumla, na maradhi ya kuhara na surua yaliwapokonya hata kidogo walichopata.

Ni katika wakati wa mafunzo hayo ndipo tulipoanza kusoma juu ya vyakula vya kulikizia watoto. Fikira mama aliyesikia maneno hayo. Akiwa na mtoto wa miezi sita, ameambiwa kwa Kiswahili safi kwamba uji huu ni wa kumlikiza. Je, anyonyeshe tena? Ama aliacha ziwa, ama alingoja uji mpaka mwaka wa pili ufike. Na katika njia zote mbili mtoto alipata hasara. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walikuja kuona hatari hiyo hiyo katika neno lao wenyewe wakaliacha. Huko kwao mambo yalikuwa yamekwenda mrama kwa namna nyingine, maana katika miaka ya 1950 walikuwako madaktari wa Marekani walioshauri nafaka kwa mtoto wa siku chache tu! Shirika la Afya la Dunia lilisema miezi minne hadi sita, kisha mwaka 2001 likaimarisha miezi sita ya maziwa ya mama peke yake, na baada ya hapo chakula pamoja na ziwa hadi miaka miwili au zaidi. Katika nusu ya pili ya mwaka wa kwanza maziwa ya mama huweza kuwa nusu ya nguvu anayohitaji mtoto, na katika mwaka wa pili thuluthi moja. Hicho si kitu cha kulikizwa mapema.

Neno lililoshika mahali pake ni nyongeza: chakula cha nyongeza. Nalipenda, ingawa nalo limetoka ofisini, kwa kuwa karani huisubiri nyongeza ya mshahara kama aisubirivyo likizo. Tofauti ni kwamba nyongeza haiondoi kilichokuwapo.

Jambo moja la mwisho lahusu uji wenyewe. Uji mwepesi humjaza mtoto maji; uji mzito wa kumshibisha hawezi kuumeza, na tumbo lake ni dogo. Katika miaka ya 1980 wachunguzi wa Tanzania walipendekeza kimea: nafaka iliyoloweshwa, ikaota, ikaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikitiwa katika uji mzito uliopoa kidogo, kimeng'enya kilichomo hukatakata wanga, na uji hulainika bila kuongezwa maji. Wanawake wapikao pombe walikijua kimea tangu zamani, pamoja na jina lake. Hapo hapakuwa na haja ya kutafsiri.