Malava Haijawahi Kuulizwa Kama Iko na Matumaini

Wasee, ukisikia kwa taarifa eti "imani ya wanunuzi imepanda", ushawahi kujiuliza hiyo imani inapimwa kwa kilo ama kwa mita?

Stori inaanza 1946 huko Michigan, Marekani. Vita vimeisha, wanajeshi wanarudi, na wachumi wengi wanaogopa kazi zitapotea kama miaka ya 1930. Benki kuu yao inataka kujua raia wameweka akiba ngapi. George Katona, mwanasaikolojia mzaliwa wa Hungaria, akaona huwezi kubisha hodi na kumuuliza mtu ako na ngapi benki. (Jaribu hiyo Kabras uone vile mbwa watakusindikiza.) Akatanguliza maswali laini. Mko poa kuliko mwaka jana? Mwaka ujao je? Huu ni wakati mzuri wa kununua vitu vikubwa vya nyumba? Hayo maswali ya kuzoeana ndiyo yaliyokuja kuwa na maana. Watu walisema wana matumaini, na kweli wakanunua magari na friji. Ule mdororo ulioogopwa haukuja.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kati ya watu 100, 40 wakisema mambo yataenda vizuri na 30 waseme vibaya, toa 30 kwa 40, ongeza 100, unapata 110. Halafu unalinganisha na 1966, mwaka uliopewa alama 100. Juni 2022 alama ilishuka hadi 50, chini kuliko wakati wowote kabla ya hapo, na kazi zilikuwa tele Marekani! Watu walikuwa wanaangalia bei ya mafuta na chakula.

Hapa Kenya mwaka huo, unga wa kilo 2 ulikuwa umepita shilingi 200. Julai serikali ikatangaza 100, wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Benki Kuu yetu pia hufanya tafiti. Inauliza mabenki, makampuni na wakurugenzi. Tangu 2022 imeongeza wakulima na wauzaji wa vyakula, ila hao huulizwa hasa bei na mavuno. Bosi wa Upper Hill akisema ana matumaini, mama mboga wa Malava hajasema kitu.

Kwetu kipimo kiko shambani. Miwa huchukua kama miezi 18 kukomaa. Anayepanda leo amemjibu Katona bila kuulizwa: anaamini kiwanda kitasaga, na kitalipa. Kufikia 2019, Mumias ilipowekwa chini ya meneja mrasimu, wakulima wengi walikuwa washang'oa miwa wakapanda mahindi. Hakuna aliyeandika hiyo kama takwimu ya imani. 2023 viwanda vya magharibi vikaamriwa visimamishe usagaji kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa iliyokomaa haikutosha, na sukari ikapita 200 kwa kilo. Ukame na mbolea ghali zilichangia, sikatai. Lakini mashamba yalikuwa yameongea mapema.

Sasa nyinyi wa Malava, Butali, Chegulo, Shamberere: mko poa kuliko mwaka jana? Na mwaka ujao? Andikeni "ndiyo", "hapana" ama "vile vile". Najua nitapata tu wenye bando, kwa hivyo muulize na nyanya yako. Ijumaa naweka hesabu hapa.